Profesa ana makala zaidi ya 300: nizisomeje kabla sijamwomba anisimamie?

Swali: Shikamoo Daktari. Namalizia uzamili na natafuta msimamizi wa uzamivu. Kuna profesa mmoja anayetafiti vinasaba vya magonjwa ya akili pamoja na matibabu ya sonona. Orodha yake ina makala zaidi ya 300, kipimo chake cha h kimepita 70, na makala yake inayonukuliwa kuliko zote ni ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuhusu jeni moja ya serotonini, kemikali ya ubongo. Rafiki yangu aliyenitangulia kwenye fani ananiambia nusu ya orodha hiyo "imeshakufa". Sielewi makala inakufaje na huku bado inanukuliwa. Je, nimkimbilie au nimkimbie? Na orodha ndefu namna hii mtu huisomaje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako hajakosea, ila amekuachia njiani. Katika fani yetu makala hufa ikiwa imesimama wima: hoja yake inaanguka, yenyewe inaendelea kunukuliwa miaka kumi na tano mbele, kwa sababu wengi wetu hunakili marejeo ya aliyetutangulia bila kwenda kuangalia yaliyotokea baadaye. Basi usijisumbue kuhesabu ngapi zimekufa. Yeyote aliyeanza kutafiti vinasaba vya sonona kabla ya 2007 ana makaburi kwenye orodha yake. Mimi ninalo moja, na nashukuru halitembelewi sana. Cha kutazama ni mwenye makala alifanya nini msiba ulipofika. Alizika akaendelea na maisha, au mpaka leo bado anamtandikia marehemu kitanda?

Hilo hulipati kwenye jumla ya makala. Linakaa kwenye tarehe.

Namba tuzimalize haraka, maana ndizo zinazowatisha wanafunzi bure. Kipimo cha h kilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na h ya 70, una makala 70 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 70. Kwa swali lako kipimo hiki kina kasoro moja kubwa: hakishuki. Makala iliyokanushwa hukinenepesha sawasawa na makala iliyothibitishwa, hata pale anayeinukuu ameinukuu ili aipinge. Tena hutegemea tovuti iliyohesabu nukuu: mtu yuleyule ana h moja kwenye Google Scholar na nyingine ndogo zaidi kwenye Web of Science, kwa kuwa Google Scholar huokota karibu kila kitu, zikiwemo tasnifu na rasimu ambazo hazijahakikiwa.

Kwenye jenetiki namba hizi hupotosha zaidi, kwa sababu tunaandika kwa makundi. Makala ya 2018 ya vinasaba vya sonona katika jarida la Nature Genetics, iliyoongozwa na Naomi Wray na Patrick Sullivan, ina waandishi zaidi ya 200. Kila mmoja wao amejipatia nukuu zilezile, kuanzia aliyebuni uchambuzi hadi aliyeleta sampuli za damu za wagonjwa wake. Sisemi mleta sampuli ni mdandiaji. Bila yeye hakuna utafiti, na kukusanya wagonjwa 800 waliohojiwa vizuri ni kazi ya miaka kadhaa ambayo wachambuzi wa kompyuta hawaielewi mpaka waifanye. Ninachosema ni kwamba wewe unatafuta mtu wa kukufundisha kufikiri, na jina lililokaa katikati ya majina 200 halikwambii kama anaweza.

Sasa twende kwenye jeni, maana hapo ndipo orodha yake itajieleza yenyewe.

Miaka ya 1990 kupima jenomu nzima, yaani vinasaba vyote, ya maelfu ya watu kulikuwa ndoto. Mwenye uwezo wa kupima sehemu moja au mbili tu za vinasaba alilazimika kuchagua, na watafiti walifanya anachofanya polisi mwenye haraka: walimkamata anayeishi karibu na eneo la tukio. Dawa nyingi za sonona humzuia "mbebaji" wa serotonini asiirudishe ndani ya seli za neva. Basi jeni inayomtengeneza mbebaji huyo, SLC6A4, ikawa mshukiwa namba moja. Mwaka 1996 kundi la Klaus-Peter Lesch liliripoti katika jarida la Science, kwa watu 505, kwamba tofauti ya urefu kwenye kipande kinachoiongoza jeni hiyo, kiitwacho 5-HTTLPR, inahusiana na tabia ya wasiwasi. Athari yenyewe ilikuwa ndogo, asilimia 3 hadi 4 tu ya tofauti kati ya watu, lakini mlango ukawa umefunguliwa.

Mwaka 2003 ikaja makala ambayo nahisi ni ndugu wa hiyo ya profesa wako. Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao walichukua watu 847 kutoka kundi la wazaliwa wa Dunedin, New Zealand, wanaofuatiliwa tangu utotoni. Wakaripoti kwamba wenye aina fupi ya 5-HTTLPR hupata sonona zaidi wakipigwa na misukosuko ya maisha, na wasiopata misukosuko hawadhuriki kwa kuwa nayo. Ilikuwa hadithi tamu kweli. Ilipatanisha urithi na mazingira, ilieleweka hata na asiyejua biolojia, na ililingana na kile ambacho kila daktari wa akili alikuwa anakiona kliniki. Mimi niliifundisha miaka mitano mfululizo bila kusita. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: zikafuata makala kwa mamia, za jeni hii na nyingine kama COMT, BDNF na MAOA, kila moja na wagonjwa mia mbili tatu, kila moja na matokeo "ya kuvutia".

Kisha hesabu zikaanza kufanywa upya. Mwaka 2009 Neil Risch na wenzake waliunganisha tafiti 14 zenye watu 14,250 na kuchapisha katika jarida la tiba la JAMA: misukosuko inaongeza sonona, hilo halina ubishi, lakini 5-HTTLPR haina mchango unaoonekana, si peke yake wala ikiungana na misukosuko. Mwaka 2011 uchambuzi mwingine, uliopokea tafiti 54 za aina mbalimbali zaidi, ukasema uhusiano upo. Ubishi ukawa mkali. Mwaka 2018 Robert Culverhouse na wenzake walimaliza kazi ambayo mpango wake wa uchambuzi ulikuwa umewekwa hadharani kabla ya kuanza, wakiwemo watafiti wa pande zote mbili za ubishi: makundi 31 ya data, watu 38,802, na hawakuona ushahidi wa nguvu. Mwaka 2019 Richard Border na wenzake wakachukua jeni 18 zilizotafitiwa kuliko zote katika sonona, wakazipima kwa sampuli zilizoanzia watu 62,138 hadi 443,264. Jeni hizo teule hazikufanya vizuri kuliko jeni zozote ambazo ungeziokota kwa kubahatisha.

Kwa nini ilikuwa hivi? Kwa sababu sonona haiendeshwi na jeni moja yenye nguvu. Inaguswa na maelfu ya tofauti ndogondogo, kila moja ikisukuma kidogo mno. Utafiti wa watu 300 hauna macho ya kuona msukumo mdogo hivyo. Kitu pekee unachoweza kukiona ni kikubwa, na kikubwa hicho mara nyingi ni kelele za bahati zilizovaa suti. Ongeza na uhuru wa mtafiti kuchagua baadaye kipi kiitwe "msukosuko", wanawake peke yao au wote, vijana peke yao au wote, na utaelewa jinsi mtu mwaminifu kabisa anavyoweza kujidanganya. Ndiyo maana tafiti za jenomu nzima hudai kiwango kikali cha ushahidi: uwezekano wa bahati tupu kuzaa matokeo kama hayo uwe chini ya 0.00000005, badala ya ile 0.05 ya kawaida.

Psychiatric Genomics Consortium, ushirika wa watafiti wa vinasaba vya magonjwa ya akili, ulianzishwa 2007. Mwaka 2013 ulichapisha matokeo ya sonona kwa watu 18,759, na haukupata hata sehemu moja ya jenomu iliyovuka kiwango hicho. Hata moja. Walichapisha hivyohivyo, na mpaka leo naiona ni makala ya heshima kuliko nyingi za kipindi kile. Mwaka 2015 utafiti wa CONVERGE ukachukua njia tofauti: wanawake wa Kichina 5,303 wenye sonona inayojirudia, waliohojiwa kwa kina, dhidi ya 5,337 wasio nayo, ukapata sehemu mbili kwenye kromosomu ya 10. Ile ya 2018 niliyoitaja ikafikia sehemu 44, kwa wagonjwa 135,458. Mwaka 2019 zikawa 102. Mwaka 2025 ushirika huohuo, kwa wagonjwa 688,808 kutoka nchi 29, ukaripoti tofauti 697.

Usidhani kwamba tumeshamaliza kazi. Tafiti za mapacha, kwa mujibu wa uchambuzi wa Sullivan, Neale na Kendler wa mwaka 2000, zinaweka kurithika kwa sonona karibu asilimia 37. Katika ile makala ya 2018, tofauti zote za vinasaba zilizo za kawaida zikijumlishwa zilieleza asilimia 8.7 ya tofauti kati ya watu katika hatari ya sonona, na alama ya vinasaba iliyotengenezwa kutokana nazo ilieleza asilimia 1.9 tu kwenye sampuli nyingine. Anayekuambia anaweza kumpima mtu mate akajua kama atapata sonona anakuuzia kitu.

Sasa rudi kwenye orodha ya profesa wako. Itoe PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, ipange kwa mwaka, chora mstari chini ya 2009, mwingine chini ya 2013, mwingine chini ya 2019. Kabla ya mstari wa kwanza, makala ya jeni moja kwa wagonjwa 200 si dhambi, ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Kati ya 2009 na 2013 mtu aliweza kubishana kwa nia njema. Ila ukikuta makala ya 2021 ya 5-HTTLPR kwa watu 150, isiyowataja Border wala Culverhouse hata kwa ajili ya kuwapinga, hapo una la kujiuliza. Kutokukubaliana na ushahidi kunaruhusiwa. Kujifanya haupo ni jambo jingine.

Tafuta pia kinyume chake, nacho ni adimu: mahali mtu anapojirudi mwenyewe. Fani yetu ina mfano mzuri wa zamani. Mwaka 1987 Janice Egeland na wenzake waliripoti katika Nature kwamba ugonjwa wa baipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, katika jamii ya kidini ya Waamishi wa Pennsylvania umefungamana na eneo fulani la kromosomu ya 11. Dunia ilishangilia. Miaka miwili baadaye, katika jarida hilohilo, John Kelsoe na wenzake, Egeland mwenyewe akiwa miongoni mwao, walipima tena ukoo uleule baada ya kuongeza ndugu wapya na baada ya wachache waliokuwa wazima kuugua. Ushahidi ukayeyuka, na wakaandika umeyeyuka. Ukiona kitu cha namna hii kwenye orodha ya mtu, hata kiwe kidogo, hata kiwe barua ya kurasa mbili ya kusahihisha jedwali, kipe uzito kuliko makala kumi.

Kabla sijaondoka kwenye jeni, angalia "sonona" yake ni ipi. Kwenye tafiti zenye watu laki kadhaa, mgonjwa mara nyingi ni mtu aliyejibu ndiyo kwenye swali moja la dodoso, kwamba aliwahi kumwona daktari kwa ajili ya huzuni au wasiwasi. Mwaka 2020 Na Cai na wenzake walionyesha kwamba sonona ya dodoso fupi na sonona ya mahojiano ya kina hazina vinasaba vinavyofanana kikamilifu. Ile fupi inaokota vitu vingi visivyo vya sonona peke yake. Pia angalia sampuli ni za nani. Mwaka 2019 Alicia Martin na wenzake walikadiria kuwa karibu asilimia 79 ya washiriki wa tafiti za jenomu nzima wana asili ya Ulaya, ilhali watu wa asili hiyo ni karibu asilimia 16 ya dunia. Mtafiti aliyehangaikia hayo mawili tangu zamani, kabla hayajawa mtindo, ana jicho zuri.

Upande wa matibabu una sheria zake, usizichanganye na hizi. Huko kwenye jeni udogo wa sampuli ni ugonjwa. Kwenye matibabu, utafiti mdogo unaweza kuwa mbegu. Mwaka 2000 Robert Berman, John Krystal na wenzao walichapisha jaribio la ketamini, dawa ya kutia usingizi wakati wa upasuaji, kwa wagonjwa wa sonona wapatao saba tu. Mwaka 2006 Carlos Zarate na wenzake wakarudia kwa 18. Kwa macho ya mwanajenetiki huo ni mzaha, lakini athari ya ketamini ilionekana ndani ya saa chache na ilikuwa kubwa, na njia hiyo iliishia kwenye esketamini, ndugu yake, kuidhinishwa Marekani 2019. Kwa hiyo usimdharau mtu kwa jaribio la watu 18. Muulize tu kama aliliita mbegu au aliliita mavuno.

Maradhi ya upande huu ni kuficha. Erick Turner aliwahi kufanya kazi ndani ya mamlaka ya dawa ya Marekani, na mwaka 2008 yeye na wenzake walilinganisha majaribio 74 ya dawa 12 za sonona yaliyosajiliwa na mamlaka hiyo na yale yaliyofika majaridani. Majaribio 38 yalionekana chanya na mamlaka, na 37 kati yake yalichapishwa. Yaliyobaki 36 yalikuwa hasi au ya mashaka: 22 hayakuchapishwa kabisa, 11 yalichapishwa kwa namna inayoyafanya yaonekane chanya, na matatu tu yalitoka kama yalivyo. Msomaji wa majarida alidhani asilimia 94 ya majaribio yalifaulu. Kwenye mafaili ilikuwa 51.

Dawa hizo si maji, tusije tukavuka mpaka. Uchambuzi wa Andrea Cipriani na wenzake wa 2018, wenye majaribio 522 na watu 116,477, ulikuta dawa zote 21 zilizopimwa zinazidi kidonge kisicho na dawa, nyingi kwa kiasi cha wastani au kidogo. Nakueleza ya Turner ili ujue cha kutafuta. Tangu 2005 majarida makubwa ya tiba hukataa jaribio ambalo halikusajiliwa kabla ya kuanza, kwa hiyo kila jaribio la profesa wako la baada ya hapo linapaswa kuwa na namba ya usajili. Ikiwa ni ClinicalTrials.gov, namba huanza na herufi NCT. Fungua usajili, uone alisema atapima nini kama matokeo makuu. Kisha fungua makala, uone alitangaza nini. Yakilingana, vizuri. Ikiwa usajili ulisema alama za sonona wiki ya nane na makala inashangilia ubora wa usingizi wiki ya nne, umeona mwenyewe. Na ikiwa kuna namba ya usajili ya mwaka 2011 isiyo na makala wala matokeo mpaka leo, hilo ni swali halali la kumuuliza, kwa adabu. Huenda fedha zilikatika, huenda wagonjwa hawakutosha. Jibu lenyewe litakufundisha kitu.

Kuna jaribio moja karibu kila mtu wa matibabu analinukuu: STAR*D la Marekani, lililoandikisha wagonjwa 4,041 kati ya 2001 na 2004. Wagonjwa walianza na sitalopramu, dawa ya sonona, na ambao dawa haikuwakubali walihamishiwa hatua ya pili, ya tatu, ya nne. Karibu theluthi moja dalili ziliisha hatua ya kwanza. Jumla iliyokaririwa kwa miaka mingi ni asilimia 67 baada ya hatua zote nne, namba iliyopatikana kwa kudhani kwamba walioacha njiani wangepona sawa na waliobaki. Mwaka 2023 Ed Pigott na wenzake walichambua upya data za mgonjwa mmojammoja kwa kufuata mpango wa awali, wakapata asilimia 35. Waandishi wa awali wameukataa uchambuzi huo. Sitaki uchague upande leo. Tafuta tu makala ya profesa wako iliyotoka baada ya 2023 na uone ameandika 67 peke yake, 35 peke yake, au ametaja zote mbili na kueleza. Sentensi hiyo moja hunisaidia kuliko wasifu wa kurasa arobaini.

Mahali jeni na matibabu vinapokutana ndipo palipo na ahadi kubwa na unafiki mkubwa, na nadhani ndipo profesa wako anapoishi: dawa gani itamkubali nani. Mwaka 2006 Francis McMahon na wenzake, wakitumia wagonjwa 1,953 wa STAR*D, waliripoti tofauti kwenye jeni ya HTR2A inayohusiana na kukubaliwa na sitalopramu. Lakini tafiti za jenomu nzima zilizofuata, zilizounganisha STAR*D na utafiti wa Ulaya uitwao GENDEP na makundi mengine ya huko, hazikupata jeni yoyote iliyovuka kiwango. Mzigo ni uleule wa sampuli, na hapa ni mzito zaidi: mtu anayeugua ni rahisi kumhesabu, lakini mtu aliyetumia dawa ileile kwa dozi ileile kwa wiki za kutosha na akapimwa vizuri ni wa kutafuta kwa tochi.

Kitu kimoja kimesimama. Jeni za CYP2D6 na CYP2C19 hutengeneza vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingi hizi, na mtu asiye na kimeng'enya kinachofanya kazi hubaki na dawa nyingi mwilini. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba mtu ambaye CYP2C19 yake ni dhaifu asipewe zaidi ya miligramu 20 za sitalopramu kwa siku, kwa kuhofia kuvuruga mapigo ya moyo. Ona lakini kwamba hiyo ni habari ya ini na kiasi cha dawa. Haikwambii huzuni itaondoka. Jaribio la PRIME Care la David Oslin na wenzake, lililochapishwa 2022 kwa wanajeshi wastaafu 1,944 wa Marekani, lilionyesha kwamba madaktari wakipewa majibu ya vipimo hivi hupunguza kuandika dawa zinazogongana na vinasaba vya mgonjwa. Faida ya kupona ilikuwepo katika kipindi cha wiki 24 lakini ndogo, na ilipofika wiki ya 24 yenyewe tofauti haikuonekana wazi.

Vipimo hivi vinauzwa. Kwa hiyo soma tamko la maslahi lililoko mwishoni mwa makala, sehemu ambayo wanafunzi huiruka. Kupokea fedha za kampuni si kosa, majaribio ya dawa hayajilipi. Angalia mabadiliko: tamko la 2015 linasema hana maslahi, la 2017 ana hisa, na sauti ya makala inabadilika katikati. Au tamko linatofautiana kati ya makala mbili za mwaka mmoja. Nimewahi kukuta hivyo nikiwa mhakiki, nikauliza, na nikajibiwa ni "usahaulifu wa kiofisi". Sawa.

Umebaki na jambo linalokuhusu wewe hasa, mwanangu, ambalo hukuliuliza. Kwenye fani yetu mwandishi wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi, wa mwisho ndiye mwenye maabara. Chagua makala 20 ambazo profesa yuko mwisho. Andika majina ya waliotangulia kwanza. Ni watu kumi tofauti, au ni watu wawili wanaozunguka? Wanafunzi wake wa zamani walimaliza wakawa waandishi wa mwisho wa makala zao, au walipotea? Makala zikiwa na aya ya michango, soma nani aliandika rasimu na nani alichambua data. Na kama mwaka mmoja ana makala 40, jua hawezi kuwa amezisoma zote kwa umakini, na ya kwako itakuwa mojawapo.

Ukifanya haya yote utakuwa umesoma makala 15 hivi kati ya 300, na utamjua kuliko waliohesabu zote. Siwezi kukuambia umkimbilie au umkimbie nikiwa huku. Makala yake maarufu ya miaka ile, nakuhakikishia, si sababu ya kumkimbia. Ukipata nafasi ya kuongea naye, mwombe akueleze hivi: kama angepewa leo data ileile ya makala ile, angeiandikaje? Akikuambia angesubiri sampuli kubwa zaidi, au angesajili uchambuzi kwanza, au akacheka akasema asingeiandika kabisa, peleka maombi. Akianza kukutajia imenukuliwa mara ngapi, msikilize kwa heshima mpaka amalize, umshukuru, uendelee kutafuta.